Waya wa Shaba Juu ya Kikombe

Mwandiko wangu ni mbaya, naomba mnivumilie. Mkono wa kuume uliungua, ngozi iliyoota tena ni ngumu, na kalamu inateleza kati ya vidole kama samaki. Maneno mengine nitakuwa nimeyakosea herufi. Niliishia darasa la sita, na darasani tulifundishwa Kirundi na Kifaransa. Kiswahili nilikiokota mtaani kwetu Bwiza, nikajifunza kukisoma katika Biblia ya mama. Naandika polepole, ukurasa mmoja jioni nzima. Mbele za watu sisemi, tangu utotoni. Mtaani waliniita Bubu, ingawa si bubu.

Kazi yangu ni kutengeneza formoli. Ni maji makali yanayozuia maiti isioze. Morgi za hospitali, yaani vyumba vya maiti, zinayataka, na wafugaji wa kuku pia huyanunua wakaoshee mabanda. Uwanja wetu wa kazi uko Zone Industrielle, eneo la viwanda, nyuma ya maghala, karibu na bandari kiasi kwamba honi ya meli ya Kigoma ikilia unaacha kuzungumza mpaka imalize.

Meli hizo ndizo zilizotuletea metanoli, katika mapipa ya bluu. Metanoli ni alkoli. Ukiitazama inafanana na ya kunywa, ukiinusa unaweza kudanganyika. Lakini ukiinywa inaanza na macho, halafu inakuua. Sisi tuliipasha moto kidogo ndani ya tangi lililozama katika maji ya moto, mpaka itoe mvuke. Kompresa ilisukuma hewa. Mvuke na hewa vilipita pamoja katika bomba lenye nyavu za shaba nyekundu, zimepangwa moja juu ya nyingine. Asubuhi tulizichoma nyavu hizo kwa gesi hadi ziwake, kisha tukazima gesi. Ziliendelea kuwaka zenyewe kutwa, bila kuni, bila umeme. Upande wa pili ikatoka formoli, ikaingia majini.

Siku yangu ya kwanza nilisimama mbele ya kidirisha cha bomba, nikitazama ule wekundu usiozimika, na patron, mwenye kiwanda, akaja nyuma yangu. Alikuwa Mkongomani wa upande wa Bukavu, mtu mnene, anayesema kwa kelele hata akikupa pole.

“Petit, unashangaa nini? Hii shaba ni mugombanishi. Inakamata metanoli, inakamata hewa, inapiganisha wao. Ule moto unaona ni vita yao. Wao wanageuka kitu ingine. Shaba yenyewe inabaki vile vile, inangoja wengine.”

Halafu akanipiga kofi la kisogoni, si kwa ubaya, ili nirudi kazini.

Ilikuwa kweli vita, na bomba lile lilikuwa ukuta mwembamba. Hewa ikizidi, au mvuke ukizidi, moto unarudi nyuma na kila kitu kinaruka. Nilishaona kifuniko cha chuma kikipasuka na kukata paa la bati kama kisu kinavyokata karatasi. Patron aliyekuwa chini yake alijifuta vumbi, akamfuata fundi aliyefungua hewa vibaya, akampiga ngumi mdomoni mbele yetu sote, kisha akampeleka yeye mwenyewe kushonwa.

Mimi niliungua mchana wa jua kali. Kiungo cha bomba kilikuwa kinavuja na metanoli ilikuwa imewaka, lakini moto wa metanoli mchana hauonekani. Hauna rangi wala moshi. Niliona spana iko juu ya sakafu, nikainama kuiokota, na mkono wangu ukaingia ndani ya moto ambao haukuwapo machoni. Niliona ngozi ikikunjamana kabla sijasikia maumivu. Sikupiga kelele. Hata siku hiyo sauti ilikataa kutoka.

Aliyeniokoa ni zamu, mlinzi wetu wa getini. Aliona jinsi nilivyokuwa nikirukaruka peke yangu, akaelewa. Alivua koti lake la kijeshi, kuukuu, akanirukia, akanilaza chini na kunikandamiza na lile koti huku akikemea moto kwa jina la Yesu. Alikuwa mlokole. Hakuvuta sigara, hakunywa hata urwagwa wa harusini, na hakumchukia anayekunywa. Alimhurumia tu kwa sauti, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Baada ya hapo patron alileta chupa ya pombe halisi, akaifungia katika kabati la ofisi, akatukusanya.

“Mutu akimeza metanoli, mumupe hii, mbio mbio, na hospitali mbio mbio. Mwili ikipata pombe ya kweli inakula hiyo kwanza, ile sumu inapita bila kuguswa. Mumesikia?”

“Mi basi nitakufa, patron,” zamu alisema. “Mutanizika na midomo safi.”

Tulicheka sana.

Kulikuwa na desturi moja kazini ambayo lazima niieleze sasa. Kila pipa lililotoka bandarini lilipimwa, maana njiani mikono ni mingi na mara nyingine pipa liliingia limejazwa kitu kingine. Patron alikuwa na waya wa shaba aliouzungusha kama springi. Aliutia motoni mpaka uwake, akautoa, na ulipokutana na hewa ukawa mweusi. Kisha akauning'iniza juu ya kikombe chenye alkoli kidogo ya vuguvugu. Weusi uliondoka mara moja, shaba ikang'aa nyekundu kama imezaliwa dakika ile. Hapo aliweka pua. Kung'aa si jibu. Shaba inang'aa kwa alkoli yoyote ile. Jibu liko katika harufu: metanoli ikiguswa na shaba ya moto inatoa formoli, nayo inakuchoma puani mpaka machozi yatoke. Pombe ya kunywa inatoa harufu kali pia, lakini ya matunda yaliyochacha. Baadaye kazi hiyo alinipa mimi, na nilitembea na waya huo mfukoni.

Mama alipika kanyanga, pombe kali ya ndizi. Serikali haiiruhusu, mtaa unaipenda. Aliipika uani, kwa subira, akamwaga ile ya kwanza inayotoka na kuwagombeza waliotaka kuionja. Watu wa bandari walikuwa wateja wake, na mmoja wao, mbeba mizigo, alipoangukiwa na magunia na kufa, familia yake ilikuja kwa mama kuchukua bidoni, yaani dumu, ya kanyanga. Mnajua kwetu, mkitoka makaburini mnarudi msibani kunawa mikono, na baada ya kunawa mnakunywa pamoja kabla ya kutawanyika. Mama aliitoa kama rambirambi.

Asubuhi iliyofuata mmoja wa walionawa mikono aliamka akiuliza kwa nini hawajafungua dirisha, na dirisha lilikuwa wazi, jua limejaa chumbani. Mwingine alitapika hadi akaanza kukoroma akiwa macho. Wanaume watatu walikufa. Wengine walikuwa hospitalini wakipapasa kuta.

Walikuja kwetu kesho yake, wakitoka kupeleka maiti morgi. Ilikuwa asubuhi, bado mama hajafagia. Nilisikia kwanza lango la mabati likipigwa teke, halafu likalala chini, halafu wakapita juu yake. Mbele alikuwa mdogo wa yule mbeba mizigo, mtu mrefu, mabega ya bandari, nondo mkononi. Nyuma yake mjane wa marehemu, nguo ya msiba imefungwa kifuani, ameshika chupa ya maji ya plastiki iliyobaki na kinywaji kidogo cha msibani. Nyuma yao watu niliokua nao.

“Toka, mama muuaji!” yule mrefu alipiga kelele. “Ndugu zetu wanalala morgi, we unalala kwa godoro!”

Mama akatoka, kitambaa kichwani, mikono ina majivu.

“Mi nawauzia nyinyi tangu muko watoto. Nani alikufa na kanyanga yangu? Mumutaje.”

“Wamekufa sasa!”

Kofi la kwanza lilimtoa kitambaa. La pili lilimwangusha. Kisha sikuona mama tena, niliona migongo tu, na miguu ikipanda na kushuka kama ya watu wanaokanyaga udongo wa matofali. Nilijitupa katikati. Mtu alinishika shati na kunirusha ukutani, nikarudi, nikapigwa na kitu puani, damu ikaingia kinywani. Nilikuwa nasema, “Acheni, naweza kupima.” Nilisema hivyo mara nyingi. Ilitoka kama pumzi.

Wakamburuta mama hadi katikati ya ua. Mwanamume mmoja alileta bidoni ya mama, ile ile iliyorudishwa kutoka msibani, akammwagia kichwani.

“Leo ya bure, mama! Kunywa na nguo!”

Walicheka. Kijana aliyekuwa akininyoa nywele kila mwezi alitoa kiberiti mfukoni, akakishika juu watu wote wakione.

Kanyanga ilikuwa ikitiririka kutoka kwenye nywele za mama. Alikuwa amefumba macho kwa sababu ilimchoma, si kwa sababu ya hofu. Nilijua jinsi inavyowaka. Nilijua vizuri kuliko wote waliokuwa pale.

Niliacha kusema. Nilikwenda kwenye mbabula ya makaa, ambayo mama alikuwa ameshaiwasha kwa ajili ya chai, nikaibeba kwa mikono miwili na kuipeleka mbali naye, mpaka kwenye kona ya choo, upande ambao upepo haukuelekea kwake. Nikatoa waya mfukoni, nikautia ndani ya makaa. Watu waliniangalia kwa sababu sikuwa nikikimbia wala kulia. Kijana wa kiberiti naye akaniangalia, akasahau mkono wake hewani.

“Bubu anafanya nini?”

“Anapima,” alisema jirani yetu mmoja, mama muuza mboga, aliyekuwa amesimama nje ya uzio muda wote. “Ni kazi yake kule kiwandani. Mumwache apime! Mukimuchoma na si yeye, mutamufufua na nini?”

“Apime,” alisema yule mrefu. “Tuone dawa ya Bubu.”

Nilichukua bidoni mikononi mwa aliyeimwaga, nikatia kidogo katika kikombe cha bati, nikakiweka pembeni ya makaa kipate joto. Waya ulikuwa umewaka. Nikautoa, ukawa mweusi. Nikaushusha juu ya kikombe, na weusi wote ukaondoka kwa pumzi moja. Shaba ikang'aa nyekundu.

Sikuwa nimefikiria jinsi jambo hilo litakavyoonekana kwa mtu asiyelijua.

“Damu!” yule mrefu alipasua sauti. “Mumeona? Ilikuwa nyeusi, imekuwa damu! Pombe yake inatoa damu!”

“Damu! Damu!”

Nikatikisa kichwa, nikanyoosha kikombe ili wanuse. Hakuna aliyenusa. Yule mrefu aligeuka na kushusha nondo, na mama akainua mkono wa kushoto kujikinga. Nilisikia mfupa. Ulilia kama kijiti kikavu, na mama, aliyekuwa kimya tangu kofi la kwanza, alitoa sauti ambayo mpaka leo nikiikumbuka naweka kalamu chini.

Mjane alikuwa ameketi kwenye kizingiti. Hakupiga, hakuzuia. Nilikwenda kwake, nikanyang'anya ile chupa ya plastiki magotini pake, nikarudi kwenye mbabula. Nilimwaga kilichokuwamo katika kikombe kingine. Kwa haraka yangu nusu ikaanguka chini. Kikapata joto, waya ukawaka, nikaushusha. Shaba ikang'aa tena, nyekundu ile ile, na mvuke ukanipiga machoni. Sikuhitaji kuinama kuunusa.

Nilikimbia na kikombe hicho, waya bado umening'inia juu yake, nikakiweka chini ya pua ya mjane.

Alijirudisha nyuma hadi kichwa kikagonga mlango. Machozi yalimtoka mara moja. Alifunika pua, halafu akaondoa mkono polepole na kunusa tena, kama mtu asiyeamini.

“Hii ni morgi,” alisema.

Akawageukia watu.

“Hii ni harufu ya morgi. Nimetoka kule saa hii. Ni hii wanatia mwilini. Bwana yangu alikuwa ananuka hii tukimutoa.”

Nikamletea kikombe cha mama, nikapitisha waya tena. Akanusa.

“Hii ni pombe,” alisema. “Inanuka ndizi zimeoza. Ni pombe tu.”

Vikombe vikaanza kupita. Kila mmoja alinusa mwenyewe, na kila mmoja alikuwa amesimama mbele ya mlango wa morgi siku ile au siku nyingine, maana mjini kwetu hakuna asiyewahi kwenda kutoa mwili wa mtu wake. Mzee mmoja alinusa akatapika juu ya viatu vyake. Kijana wa kiberiti alinusa vyote viwili, kikombe kimoja baada ya kingine, akashusha mkono wa kiberiti. Mama akajiinua kwa goti, akakichukua kiberiti mkononi mwake kwa mkono uliobaki mzima, akakizamisha katika beseni la maji ya vyombo.

Mjane alikuwa amesimama.

“Shemeji,” alimwambia yule mrefu. “Hii chupa haikutoka kwa huyu mama. Ulileta we. Bidoni ilikuwa haijaisha, we ulileta chupa, ulisema watu wa bandari wametoa.”

“Mi nilijua nini?”

“Ulitoa wapi?”

Watu waliokuwa nyuma yake wakaanza kumpiga. Ni watu wale wale. Nondo ilimtoka mkononi ikaokotwa na mwingine, ikampata begani. Alianguka, akasimama, akafunika kichwa, akapiga kelele:

“Zamu! Nilinunua kwa zamu! Zamu wa kule wanapika formoli! Alisema ni alkoli!”

Wakamwacha, kwa sababu sasa walikuwa na mtu mwingine, na yeye mwenyewe akatangulia mbio akiwaonyesha njia.

Ua ulibaki na vumbi, lango chini, na sisi watatu. Mjane alimfunga mama mkono kwa kitenge chake cha msiba. Mama aliniuliza, meno yamekazana:

“Huyo zamu ndiye alikuzimisha moto?”

Niliitikia kwa kichwa.

“Alikuwa anauza ile?”

Sikujua. Lakini nikimfikiria niliona inawezekana. Kwake yeye alkoli zote zilikuwa kitu kimoja, dhambi moja, na asiyeonja hawezi kujua kwamba moja inalevya na nyingine inaua. Aliisikia ile hotuba ya patron kama anavyosikia mlokole: pombe ni sumu. Alikuwa akihubiri hivyo kila siku.

“Tuende,” mama alisema.

“Mkono...” nilisema.

“We hujui kusema na watu. Ukienda peke yako utasimama kama mulingoti.”

Akaichukua bidoni iliyobaki nusu. Nilitaka kuipokea, akakataa. “Hii siachii mutu. Polisi watainusa.”

Tulitembea jua kali hadi Zone, mama ananuka kanyanga barabara nzima, wapita njia wakimcheka kwamba ni mlevi. Mjane alimshika kiuno. Mimi nilitangulia, nikirudi nyuma, nikitangulia tena.

Geti la kiwanda lilikuwa limefunguliwa kwa jiwe. Gari la patron halikuwapo. Alikuwa ametoka nyuma, naambiwa, akaenda nyumbani kwake Kigobe bila kuzima mashine. Kompresa ilikuwa inanguruma. Kabati la ofisi lilikuwa limevunjwa, ile chupa ya pombe ya dawa imepasuka sakafuni. Zamu alikuwa chini, karibu na pipa la bluu, watu wawili wamekalia miguu yake, na yule mrefu ameweka goti kifuani pake. Walikuwa wametia faneli yetu mdomoni mwake. Meno ya mbele yalikuwa yamevunjika ili faneli iingie.

“Kunywa! Uliuza, sasa kunywa! Ni tamu?”

Mtu aliyepita pembeni akalipiga bomba la nyavu kwa nondo, kwa hasira tu, kwa sababu bomba lilikuwa pale. Likapasuka kwenye kiungo. Mvuke ulitoka, hewa ikaingia, na nyavu zilikuwa bado zinawaka.

Sikusikia mlio. Nilijikuta nimeketi, masikio yanapiga filimbi, na bati la paa likianguka polepole mbele yangu. Watu walikuwa wakikimbia kuelekea getini, wengine wakipita juu ya wenzao. Yule mrefu alibaki. Alikuwa akirusha miguu hewani kama mchezaji ngoma, akijipiga mapaja, na hakukuwa na kitu cha kuona. Suruali yake ilikuwa inayeyuka bila moto. Nilizima kompresa, nikafunga bomba la tangi, nikashika koti la zamu lililokuwa kwenye msumari wake wa siku zote, nikamrukia, nikamlaza, nikamkandamiza. Aliniuma bega. Nilimkandamiza mpaka akatulia, akihema.

Mama alikuwa ameshapiga magoti kwa zamu.

“Papa, wamekupa ngapi?”

“Sijui. Mingi.” Damu na metanoli vilitoka pamoja mdomoni. “Mama, mi nilijua ni alkoli tu. Nilijua ni alkoli.”

“Kunywa hii.”

Akageuza uso. “Hii ni pombe.”

“Ni dawa.”

“Ni pombe, mama. Inanuka kwa nguo zako.”

“Nguo zangu zimebatizwa leo asubuhi, papa, hata mi sikutaka. Kunywa.”

“Nimeokoka. Siwezi kufika mbele ya Bwana nikinuka hivi.”

Alifunga kinywa. Mama alijaribu kukifungua kwa mkono mmoja, akashindwa, akanitazama. “Mwambie we. Ni mutu wako.”

Nikapiga magoti. Nilisema, na nilisema kwa sauti, maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia mtu yeyote kwa mara moja. Nilimwambia yale ya patron: kwamba ndani ya mwili kuna kitu kama zile nyavu zetu, kinachukua metanoli na kuigeuza formoli na kitu kibaya zaidi, na kwamba kikipewa pombe ya kweli kinashughulika na hiyo, metanoli inapita. Nilimwambia macho yake yanaanza kuungua sasa hivi, kwa moto ule tusiouona. Nilimwambia aliniwekea koti, na hili ni koti.

Alifungua kinywa. Alikunywa akilia, akikohoa, mama akimfuta kidevu na kumwambia polepole, polepole.

Polisi walikuja na pikapu yao, wakatupakia wote pamoja, waliopiga na waliopigwa. Daktari aliuliza tumempa zamu nini, tukamwonyesha bidoni. Akaitazama, akasema vema, tuiache hapo hapo, kisha akamwekea sindano ya maji mshipani.

Zamu yuko hai. Hospitali walimwachia, polisi wakamchukua, kisha wakamrudisha kwa sababu hawezi kutembea bila kushikwa. Anasema anaona kama mtu aliyetumbukizwa katika maziwa. Kanisani kwake wengine hawamsalimii. Wamesikia kwamba alikunywa. Anakaa kwetu, mlangoni, kwenye kigoda. Mkono wa mama umeunga vibaya na hapiki tena kanyanga. Anauza mkaa na mboga pamoja na yule jirani. Mjane huja. Yeye na zamu hawajaongea bado, lakini juzi alimwekea chai karibu na mguu wake, akamgusa kwa kikombe ili ajue ilipo.

Mimi nilirudi kazini. Patron ametia rangi na kitu kichungu katika kila pipa, na ameweka nyavu mpya. Za zamani tulizifukua chini ya bati. Hazikuwa na kitu, zilihitaji tu kupanguswa vumbi, na tungeweza kuzitumia. Nikifika nyumbani jioni zamu anainua uso kabla sijasema. Ananisikia kwa pua.

“Petit, umefika. Leo mumechoma vizuri.”

Halafu anauliza swali lake, lile lile, kama taa ya nje imewaka, kwa sababu anadhani amekiona kitu. Mara nyingine taa imewaka kweli.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mliosoma mpaka hapa. Kama kwenu kuna mtu aliyekunywa metanoli na macho yakarudi, hata jicho moja, hata baada ya muda mrefu, niandikieni yalirudije, na alianza kuona nini kwanza. Kama hayarudi, niandikieni hilo pia. Msiogope mwandiko mbaya, mmeona wangu. Mtakachoandika nitamsomea zamu pale mlangoni, kwa sauti.